Sakafu Iliyofagiliwa

Machi 3, Jumanne

Nimenunua daftari jipya, maana la mwaka jana lililowa maji ndani ya gari la kazini likavimba kama mkate. Kila msimu wa vimbunga huandika, tangu Machi hadi Juni, kisha nalisukumia kabatini nisilisome tena. Leo joto limekuja mapema na upepo unatoka kusini, jambo ambalo silipendi. Mama amepiga simu kuuliza kama ninakula.

Machi 9

Siku nzima mbele ya rada, ofisini kwetu kwa hali ya hewa. Si kitu.

Machi 14, Jumamosi

Kimbunga kimepita Old Hebron. Kwetu.

Nguzo yake ya upepo iligusa ardhi jioni, watu wakiwa hawajala bado. Terrell, mwenzangu wa kazi, ndiye aliyetoa onyo, mimi nikiwa meza ya pili nikiliangalia lile doa jekundu likisogea juu ya barabara ninazozijua kwa majina ya mbwa wanaofukuza magari. Nilimpigia Mama tena na tena. Alipopokea akasema, "Niko kabatini na paka, na anayelalamika ni paka." Nikacheka huku nalia. Kisha akaniambia habari ya Oleta Stegall.

Oleta alinifundisha shule ya Jumapili. Alikuwa na pipi za mnanaa mkobani na alitugawia tukishakariri aya, na mimi niliyekuwa mzito wa kukariri alinipa hata nikikosea. Alijilaza ndani ya bafu la katikati ya nyumba, akajifunika godoro, kama tunavyowaambia watu kila mwaka. Mumewe, Mzee Verlon, alikuwa ametoka mbio kwenda kufunga mabanda ya kuku. Aliporudi nyumba haikusimama tena, naye Oleta alikuwa amekufa.

Curtis, mkuu wetu wa ofisi, ameamua kwamba kesho mimi na Terrell twende kupima. Aliniambia kama naona ni karibu mno na kwetu atamtuma mwingine. Nikasema naweza. Nilitaka watu wa kwetu wanione nimevaa fulana ya kazi.

Machi 15, Jumapili

Nimechoka lakini niandike.

Terrell huwaambia wageni kwamba sisi ni madaktari wa maiti za nyumba. Upepo wenyewe haungoji kupimwa. Tunakuja umeshaondoka, tunatazama ulichovunja, na kutokana na jinsi kitu kilivyovunjika tunakisia nguvu zake na kuupa namba, kuanzia sifuri hadi tano. Ukivunja kibanda hovyo haupati sifa. Ukiing'oa nyumba iliyofungwa vizuri kwenye zege, hapo ndipo namba hupanda.

Tulianzia magharibi, kilikoanzia, tukafuata njia yake: misonobari iliyolala, paa la ghala la mtu juu ya malisho ya mtu mwingine. Kwa Stegall tulifika alasiri jua likiwa limeinama. Ndugu Dewitt, mchungaji wetu, alikuwa kando ya uzio na wanaume wa kanisa, glavu mikononi.

Sakafu ya zege ilikuwa tupu. Hapakuwa na ukuta, ubao, wala kigae. Nimefanya kazi hii miaka mingi na ni mara moja tu nyingine nimeona sakafu safi namna ile, na kule ilikuwa namba nne bila ubishi. Niliinama upande wa gereji nikaona bolti zimesimama kwenye zege, nati zake zimekazwa. Nikasema moyoni, basi, nyumba hii ilifungwa, na bado imekwenda. Kulikuwa na alama za matairi kwenye tope. Nikadhani ni za waokoaji.

Terrell aliniita kutoka kwenye maua ya mbele ya nyumba. "Dada, hebu njoo uone hivi vichaka. Vina majani bado; upepo wa kung'oa nyumba ungeyachuna."

Nikamwambia akapige picha mabanda ya kuku kabla giza halijaingia. Watu walikuwa wananitazama, na sikutaka kubishana habari ya vichaka mbele yao.

Mzee Verlon alikuwa amekaa juu ya ndoo ya chakula cha kuku iliyofudikizwa. Nilimpa bakuli la Mama nililolipitia kwake, la kioo, kuku na wali na jibini, limefunikwa foili, na chini yake utepe wa gundi wenye jina la Mama, Wilma, kama ilivyo kawaida yetu, ili bakuli lijue kwao. Alilipakata kama mtoto. Hakulifunua.

"Nijibu kitu kimoja, binti Wilma," akasema. "Kuna nyumba ingesimama?"

Nikaitazama ile sakafu. "Hapana, Mzee Verlon. Hakuna nyumba ingesimama."

Alishusha pumzi ndefu, akanishika mkono, hakuuachia kwa muda.

Njiani Terrell aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sakafu ameiona mwenyewe. "Nimeiona," akasema, "na sanduku la barua la kando ya barabara nimeliona, limesimama wima na kibendera chake." Nikamwambia vimbunga vina mambo yake. Alikula biskuti zake za chumvi mpaka mjini.

Jioni hii namba imetangazwa. Nne.

Machi 18

Mazishi ya Oleta. Mzee Verlon alisimama mlangoni akimwambia kila aliyempa mkono, "Lanelle wa Wilma amesema hakuna nyumba ingesimama. Alikuja akapima." Watu wakanigeukia na kutikisa kichwa kwa heshima. Naandika kweli: niliona fahari.

Machi 22

Mvua. Nimefua.

Machi 27, Ijumaa

Kimbunga kidogo wilaya ya jirani, kwenye nyumba za magurudumu zilizopangwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Mwanamke mmoja alinifuata akiwa amevaa buti za mumewe, akataka kujua wamepewa ngapi. Nikamwambia inaelekea kuwa moja.

"Moja?" akasema. "Mwanangu hapati moja hata mtihani wa hesabu, na hesabu hajui."

Nilimweleza kwamba nyumba za magurudumu huanguka kabla upepo haujaonyesha nguvu zake zote, kwa hiyo hatuna ushahidi wa kupandisha namba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Kwa hiyo maskini hata upepo wake ni mdogo," akasema.

Terrell aliangua kicheko, kisha kikamkwama. Nilimwomba radhi yule mama, naye akasema radhi yangu nayo anaona ni ya namba moja.

Aprili 1

Jua. Curtis ameweka chumvi kwenye chombo cha sukari, eti siku ya wajinga. Tumekunywa kahawa hivyo hivyo.

Aprili 5, Pasaka

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kanisani na Mama. Vijana wa kanisa wametengeneza fulana za kuchangia ujenzi: mbele jina la Old Hebron, nyuma "NAMBA NNE HAIKUTUWEZA". Mzee Verlon alikuwa ameivaa yake juu ya shati na tai. Sasa analala chumba cha nyuma cha kanisa. Wakati wa kusalimiana alinikumbatia.

Baadaye kwa Mama tukala nyama ya nguruwe ya kuoka na mayai yaliyojazwa. Mama akaanza kuwasifu wanaume wa kanisa, jinsi walivyojitoa. Alisema asubuhi ile baada ya kimbunga, Ndugu Dewitt aliivunja ibada. Aliwaambia nguo za ndani za Dada Oleta zimetapakaa shambani, na hakuna mgeni atakayekuja na kamera akamwona dada yetu hivyo. Wakaenda wote na suti zao. Wakaokota kila kitu mpaka kitana chake.

"Adhuhuri walikuwa wamemaliza," Mama akasema. "Ile sakafu waliifagia kwa mifagio ya kanisa, mwanangu. Ungeweza kula pale chini."

Uma wangu ulikuwa hewani. Nikauliza, kuta je?

"Kuta zilikuwa zimelala palepale, moja juu ya nyingine, kama karata. Walizisukuma na katapila dogo la matairi la Ndugu Dewitt mpaka bondeni nyuma ya mabanda. Mbona huli?"

Nikamwambia nimesahau kitu kwenye gari. Niliendesha moja kwa moja mpaka kwa Stegall, nikashuka bondeni na viatu vyangu vya Pasaka. Kuta zilikuwepo, rundo zima, kubwa na nzima nzima, si vipande. Upepo wa namba nne hauachi ukuta mzima uanguke uani kwake. Niligeuza mbao za chini, zile zinazolala juu ya zege na kubeba nyumba. Zilikuwa na misumari tu, mifupi, imechomoka kama meno ya mtoto. Bolti zilikuwa za gereji peke yake, ambayo naikumbuka ikijengwa na fundi wa mjini nikiwa sekondari; na gereji huanguka mapema kwa sababu ya mlango wake mpana. Nyumba yenyewe Mzee Verlon aliijenga kwa mikono yake mwaka aliooa.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ndiye mwosha wa nyumba ile, na nilichokiona chini ya mbao zile ni hiki: upepo ule ulikuwa wa namba mbili. Nyumba iliyofungwa kwa bolti ingepoteza paa na labda ukuta wa mbele. Bafu la katikati lingebaki, na Oleta ndani yake.

Nilirudi kwa Mama nikala kitindamlo. Kilikuwa cha limau. Nikakisifu.

Aprili 6

Sikumwambia Curtis.

Aprili 7

Sikumwambia.

Aprili 9

Terrell aliweka picha zake za vile vichaka mezani kwangu, akaenda kujaza maji kwenye chupa, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi nilikuwa nimezigeuza kifudifudi. Aliziokota, akasema, "Haya, dada." Ningependa angenitukana.

Najiambia ninamhurumia mzee. Nikimwambia kweli namwambia kwamba misumari yake ndiyo iliyomuua mkewe, na faida yake nini? Oleta harudi. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini nikiwa peke yangu bafuni nikipiga mswaki, sura ninayoiona ikipata aibu si ya Verlon. Ni mimi nikisimama mbele ya watu wa kwetu na fulana yangu ya kazi, niseme sikuangalia vichaka.

Aprili 13

Mawe ya barafu, ukubwa wa njegere. Hakuna hasara.

Aprili 18, Jumamosi

Leo nimefanya jambo baya kuliko lile la kwanza.

Mama alinituma kwa Verlon na mkate wa mahindi. Anajenga. Fremu imeshasimama juu ya ile ile sakafu, mbao mpya zinanukia. Binti yake Charla alikuwepo, amemweka mtoto begani. Ameacha chumba chake cha kupanga mjini, wanahamia hapa wote watatu mwezi wa sita. Mzee alikuwa na furaha, na sijamwona na furaha tangu msiba. Alinionyesha mahali pa jikoni na dirisha la mtoto. Nikatazama chini. Misumari ya zege, mifupi, kama ile ya bondeni. Hata nafasi kati ya msumari na msumari ni ile ile.

Nadhani aliona macho yangu yalipokwenda.

"Wewe ndiye mtaalamu," akasema. "Unaionaje?"

Charla akageuka anisikilize. Mtoto alikuwa anatafuna ukosi wa mama yake.

Nikasema, "Imekaa vizuri, Mzee Verlon."

Akacheka. "Na ikija nne nyingine, basi. Hakuna nyumba inayosimama kwa nne. Si ndivyo?"

Nikasema ndiyo. Kinywa changu chenyewe. Alinipa salamu za Mama na kuniomba nimwambie bakuli lake bado analo, hajalisahau, ila bado hana cha kutia ndani na bakuli la watu halirudi tupu. Kwetu hata mfiwa anaikumbuka sheria hiyo. Mama amesema bakuli halidaiwi kwa mwenye msiba, hata likae mwaka.

Nimekaa ndani ya gari mbele ya duka la pembejeo mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kama betri imekufa.

Aprili 21

Sina uso.

Aprili 25

Vimbunga viwili, vyote porini. Terrell na mimi tumepima miti. Miti haiulizi kitu.

Aprili 30

Nimeandika barua kwa Curtis. Nimeichana. Ilikuwa na maneno mazuri mno.

Mei 6, Jumatano

Zamu yangu. Tangu adhuhuri hewa ilikuwa nzito, nguo zinanata. Jioni mawingu yakaanza kuzunguka magharibi mwa wilaya, na doa likajikunja likashika barabara ile ile ya Machi, kana kwamba limeachiwa alama. Nilitoa onyo mimi mwenyewe. Sauti yangu kwenye redio ilikuwa shwari, Terrell ananiambia. Ilisema waliopo Old Hebron waende chumba cha katikati cha nyumba, chini kabisa, wajifunike.

Chumba cha katikati cha nyumba ipi? Nilijua Verlon na Charla hushinda pale wakipiga rangi mpaka jioni, na mtoto wanaye. Nilikuwa nawaambia waingie ndani ya kitu nilichokipitisha kwa mdomo wangu.

Doa lilipita juu ya kanisa likaenda zake bila kugusa ardhi. Mvua tu. Saa ya onyo niliiandika vibaya mara mbili. Terrell aliniandikia. Kisha akasema pole pole, bila kunitazama, "Nitashika zamu yako ya kesho. Nenda kamwambie mzee."

Mei 7, Alhamisi

Alikuwa anapigilia mbao za ukuta wa bafu. Katikati tena, mahali pale pale.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani, yakaniruka yote. Nikasema, "Mzee Verlon, nilikosea. Upepo ule haukuwa nne. Ulikuwa mbili."

Akamalizia msumari wake. "Mbili ni nini?"

"Ni upepo ambao nyumba yenye bolti ingepoteza paa. Kuta za katikati zingebaki."

"Bafu lilikuwa katikati."

"Ndiyo."

Akaiweka nyundo chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamsha mtu. "Uliniambia hakuna nyumba ingesimama."

"Niliiona sakafu tupu nikadhani upepo ndio ulioifagia."

"Waliifagia ndugu zangu," akasema. "Walimfagilia Oleta."

"Najua. Sasa najua."

"Tangu lini?"

Njia nzima nilikuwa naliogopa swali hilo kuliko mengine yote. Ningeweza kusema tangu jana. Nikasema, "Tangu Pasaka."

Alihesabu kichwani. Nilimwona akihesabu. "Ulikuja hapa baada ya Pasaka," akasema. "Nilikuuliza ukiwa umesimama hapo hapo. Charla alikuwa na mtoto begani."

Nilijaribu kumweleza kwamba bado inawezekana, zege linatobolewa, bolti zinagundishwa humo, kazi ya siku chache tu, na mimi niko tayari kusaidia. Alikuwa hanisikii. Alikuwa anaitazama mikono yake, kwanza viganja, halafu nyuma.

"Nenda kwenu, binti Wilma," akasema.

Nikaenda.

Mei 8

Nimemwambia Curtis kila kitu, pamoja na tarehe. Namba imebadilishwa kuwa mbili na imetangazwa. Curtis hakupaza sauti. Alisema makosa ya sakafu hutokea hata kwa wakubwa, ila ule mwezi mzima wa kunyamaza hajui auweke wapi. Mimi pia. Sitapima peke yangu mpaka mwakani.

Mei 10

Sikukuu ya akina mama. Nimempelekea Mama maua. Aliyapokea, akayatia maji, kisha akaniambia afadhali ningenyamaza. Baadaye akaniuliza kama kweli mtoto alikuwepo pale Aprili. Nikasema alikuwepo. Akakaa.

Mei 14

Duka la pembejeo. Mwenye duka, yule aliyenihurumia kwa betri, aliniuliza kama nimekuja kumpunguzia namba na yeye. Wateja wakatazama viatu vyao. Nimenunua nilichofuata nikatoka.

Mei 24, Jumapili

Chakula cha mwaka uani kwa kanisa, baada ya kusafisha makaburi. Meza ndefu chini ya vivuli, mabakuli yamebanana, kila moja na utepe wake. Hakuna aliyevaa ile fulana. Ndugu Dewitt alinifuata na sahani mkononi, mkubwa mzima, macho mekundu. Alisema, "Tulifanya kwa heshima, Lanelle. Hatukujua tunafuta kitu." Nikamwambia hawakufuta kitu, kazi ya kuuliza ilikuwa yangu, na nilichotakiwa kufanya ni kumuuliza mtu yeyote pale uzioni. Ningeuliza tu. Walikuwa wamesimama na glavu mikononi.

Aliondoka bila kusema amenisamehe, na sikumtegemea aseme.

Kuku wa Mama hakuguswa. Mabakuli ya kushoto na kulia kwake yalikwanguliwa mpaka chini, lake likabaki limejaa na uso wake wa jibini haujachomwa kijiko. Mama alilibeba mwenyewe hadi kwenye gari, kichwa juu. Miaka yote ile pale kanisani hajawahi kurudi na bakuli zito. Nilitamani ardhi inimeze, maana la kwangu limemwangukia yeye.

"Wasiotaka wasile," akasema tukiwa njiani. "Kuku mwenyewe mtamu." Kisha akapangusa jicho kwa kidole cha pete.

Mzee Verlon hakuja.

Mei 29

Tumekula kuku huyo siku tatu. Leo nimemtupia mbwa wa jirani kilichobaki. Nilipita barabara ya Stegall, sikugeuza shingo.

Juni 3

Joto kavu. Msimu unaisha.

Juni 6, Jumamosi

Nilikuwa kwa Mama nikimfungia feni ya ukumbini, gari likaingia uani. Charla. Alishuka na bakuli la Mama, lile la Machi, limefunikwa foili mpya iliyokunjwa vizuri pembeni kama Oleta alivyokuwa akikunja. Alilibeba kwa mikono miwili. Mama alikimbilia mlangoni akijifuta kwenye aproni, uso umemng'aa, na nikajua amedhani ni mkate au maharagwe, kwamba watu wameanza kurudi.

Alilipokea likamzidi uzito. Akalitua mezani, akafunua foili.

Lilikuwa limejaa misumari ya zege. Mifupi, mingi imepinda, mingine ina ubao mpya bado kichwani.

"Baba amesema bakuli la watu halirudi tupu," Charla akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa ujumbe asioutunga. "Ni ya chini yote. Ameing'oa mmoja mmoja. Ametoboa zege, ameweka bolti na nati, nyumba nzima. Amesema Lanelle aambiwe."

Nikauliza kama amesema kingine.

"Hajasema." Ndipo aliponitazama. "Mimi mwenyewe sijui nikuambie nini. Wiki ijayo mwanangu atalala mle ndani. Nikikumbuka ile 'imekaa vizuri' yako nataka kukupiga kibao. Halafu nakumbuka ulirudi."

Hakunipiga, ingawa nilisimama karibu. Alimbusu Mama shavuni akaondoka, vumbi likamfuata mpaka barabarani.

Nilitia mkono kwenye ile misumari. Mzee Verlon aliing'oa kwa mikono ile ile aliyokuwa akiitazama siku ile. Kwa kila msumari alioutoa lazima aliukumbuka mwingine, wa mwaka aliooa. Mimi ndiye niliyemsukumia hesabu hiyo, na nilimsukumia kwa kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe kulikuwa kwa ajili ya uso wangu. Nililia pale mezani mbele ya Mama kama mtoto aliyeshindwa aya.

Mama hakunibembeleza. Alimimina misumari kwenye ndoo ya bati, kelele ikamkimbiza paka. Akaosha bakuli kwa maji ya moto, akalikausha, akawasha oveni, akatoa kuku kwenye friji. Kisha akaligeuza bakuli kifudifudi, akaubandua ule utepe wa zamani wenye jina lake kwa ukucha, akakata mwingine, akaubandika, akachukua kalamu na kuandika polepole: LANELLE.

"Hili linarudi kule," akasema, "na unalipeleka mwenyewe. Akitaka kulirudisha atajua ni la nani."

Limo ndani ya oveni sasa. Jibini limeanza kunukia. Sijui nitamwambia nini akifungua, wala kama atafungua. Nitasimama pale mlangoni na bakuli langu, nibishe hodi.